Medali ya Lagos Haikupatikana Lagos

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma kuhusu timu ya Taifa katika Michezo ya Afrika)



Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huu ulizaliwa pwani, kwa mafundi wa majahazi, lakini hufaa sana siku ile timu ya Taifa inaporejea kutoka katika mashindano ya bara zima. Siku hiyo wananchi huuliza swali moja tu: wamerudi na medali ngapi? Zikiwapo, hushangilia. Zisipokuwapo, hulaumu, na lawama zote huwaangukia vijana waliokimbia. Ni mara chache mtu huuliza swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito: chombo hiki kiliundwa wapi, kiliundwa na nani, na kwa muda gani?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kuirudia safari moja ambayo Watanzania huikumbuka kwa fahari, nayo ni ile ya Lagos ya Januari 1973.

Michezo ya kwanza ya Afrika ilifanyika Brazzaville, Julai 1965. Nia yake haikuwa kukimbia na kurusha mikuki peke yake. Mataifa mengi yaliyokusanyika pale yalikuwa na miaka michache tu tangu yajitawale, na wakoloni walikuwa wameyagawa hata katika michezo, kila koloni likimtazama mtawala wake badala ya jirani yake. Brazzaville iliwakutanisha majirani hao. Michezo ya pili ilipangwa kufanyika Bamako, Mali, mwaka 1969, lakini mapinduzi ya Novemba 1968 nchini humo yakavunja mipango yote. Ikahamishiwa Nigeria, na huko nako vita ya wenyewe kwa wenyewe, iliyokwisha Januari 1970, ikawa imeacha majeraha yaliyohitaji muda. Hatimaye, baada ya kungoja miaka saba na nusu, wanamichezo wa Afrika wakakutana tena katika Uwanja wa Taifa wa Surulere, mjini Lagos.

Miaka saba na nusu si muda mfupi katika maisha ya kijana. Mtoto aliyekuwa na umri wa kuchunga ndama wakati wa Brazzaville alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima wakati wa Lagos. Mmoja wa watoto hao alikuwa Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953.

Mashindano ya Lagos hayakuwa mepesi hata kidogo. John Akii-Bua wa Uganda alikuwa ametoka Munich na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 kuruka viunzi, pamoja na rekodi ya dunia. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1968. Na huko Munich mwaka 1972 alikuwa ametwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na fedha ya mita 1,500. Umri wa Keino ulizidi ule wa Bayi kwa miaka 13. Kwa hesabu za kawaida, kijana wa miaka 19 hakuwa na la kufanya mbele ya mtu huyo ila kujifunza.

Lakini Bayi alishinda. Aliimaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 37, Keino akiwa nyuma yake, na bendera ya Tanzania ikapandishwa juu ya nyingine zote.

Sasa, hapa ndipo linapotakiwa swali la pili. Miezi minne tu kabla ya Lagos, Bayi huyo huyo alikuwa Munich. Aliingia katika mbio mbili, mita 1,500 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na katika zote mbili alitolewa kwenye mchujo wa awali. Hakufika hata nusu fainali. Lau wakubwa wa michezo wa wakati ule wangekuwa watu wa kupima kijana kwa safari moja, jina lake lingefutwa katika orodha na nafasi yake angepewa mwingine. Haikuwa hivyo. Alipelekwa tena, naye akalipa. Yafaa ikumbukwe daima kwamba dhahabu ya Lagos ilitanguliwa na kushindwa kwa Munich, na kwamba baina ya mambo hayo mawili palikuwa na ofisi iliyokubali kuvumilia.

Pili, Bayi alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Maana yake ni kwamba alikuwa na mshahara, chakula, mahali pa kulala, na mkuu wa kazi aliyejua kwamba kukimbia ni sehemu ya utumishi wake. Kipaji ni cha Mungu, lakini nafasi ya kukitumia hutolewa na binadamu.

Mavuno yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch katika michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3, sekunde 32 na nukta 16, akimwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake. Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya dunia ya maili moja. Mwaka 1978, katika Michezo ya tatu ya Afrika mjini Algiers, akaitwaa tena dhahabu ya mita 1,500. Na mwaka 1980 huko Moscow yeye na Suleiman Nyambui wakaleta nyumbani medali mbili za fedha za Olimpiki: Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Nyambui katika mita 5,000.

Katikati ya mavuno hayo pana mwaka mmoja usio na medali, nao ni wa kuheshimiwa kuliko yote. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mataifa mengi ya Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao, yaligoma kushiriki Olimpiki ya Montreal kwa sababu hiyo. Dunia ilikuwa ikingoja kwa hamu Bayi na Walker wapambane tena. Hawakupambana. Walker akashinda dhahabu, na Bayi akabaki nyumbani kwa ajili ya heshima ya watu ambao hakupata kuwaona, waliokuwa wakinyimwa utu wao kusini mwa bara. Mwanariadha huwa na miaka michache tu ya nguvu zake kamili, na Taifa lilimwomba mwanawe atoe mmoja wa miaka hiyo. Uamuzi ulikuwa wa haki. Lakini Taifa linalopokea sadaka ya namna hiyo hubaki na deni, na deni hilo halilipwi kwa makofi. Hulipwa kwa kuwatengenezea njia wale wanaokuja nyuma.

Je, deni hilo limelipwa? Jibu la kweli halifurahishi. Hadi kufungwa kwa Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, medali zile mbili za Moscow zilikuwa bado ndizo pekee ambazo Tanzania imepata kuzitwaa katika Olimpiki. Si kwamba vipaji vimekauka. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na Samson Ramadhani akafanya hivyo mwaka 2006. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Na Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alimshinda Mjerumani kwa kifua tu baada ya kilomita 42, akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Ukiyatazama majina hayo utaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba hutokea mmoja mmoja, tena mara nyingi kwa miaka mingi katikati. La pili ni kwamba Simbu naye, kama Bayi kabla yake, ni askari. Nusu karne imepita, na mkono uliomshika mkimbiaji ni ule ule. Jeshi linastahili pongezi; lakini hapana budi kuuliza mikono mingine ilikuwa wapi. Taifa linapomtegemea mtu mmoja, akiugua yeye, timu nzima imeugua.

Mkono wa kwanza ni wa mwalimu. Samaki mkunje angali mbichi. Hakuna kamati ya Dar es Salaam inayoweza kumwona mtoto wa Mbulu au Hanang anayekwenda shule mbio na kurudi mbio. Mwalimu wake humwona kila siku. Lakini aghalabu kipindi cha michezo humezwa na masomo ya kujiandaa kwa mtihani, kana kwamba mwili si sehemu ya mwanafunzi. Palikuwa na miaka ambayo hata mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa, kabla ya kurudishwa. Kizazi kilichopitia shule katika miaka hiyo hakiwezi kurudishiwa nafasi yake. Mwalimu mwenye saa ya mkononi na daftari, anayeandika muda wa kila mtoto mwaka hadi mwaka, amekwisha kufanya kazi ambayo fedha za kigeni haziwezi kuifanya.

Mkono wa pili ni wa mtumishi wa ofisini. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kwa hiyo michezo ni kazi ya umma, wala si hisani. Barua ya ruhusa inayolala mezani wiki tatu, kiwanja cha shule kinachomegwa kuwa viwanja vya nyumba huku afisa akitazama, fedha za kambi zinazotoka siku chache kabla ya safari: hayo hayaonekani katika picha za magazeti, lakini ndiyo huamua nafasi ya mkimbiaji kabla bunduki haijalia. Timu iliyokusanywa kwa haraka haishindwi ugenini. Imeshindwa nyumbani, ikasafirishwa.

Hapana anayesema kwamba kila safari lazima ilete dhahabu. Mashindano yana mshindi mmoja, na kushindwa kwa aliyejitayarisha si aibu. Aibu ni kuwavika vijana bendera ambayo wenyewe hawakupewa nguvu ya kuibeba.

Filbert Bayi, alipomaliza mbio zake, alirudi kwenye shina la jambo hili. Alijenga shule huko Kibaha. Mtu aliyepata kuwa wa kwanza duniani kwa kasi ya miguu alichagua kazi ambayo matunda yake huchukua miaka kumi na zaidi kuonekana. Hilo ni somo tosha kwa mwalimu yeyote, na kwa ofisi yoyote. Siku timu nyingine ya Taifa itakapoondoka kwenda kushindana na bara zima, kila mmoja katika shule yake na katika ofisi yake ajiulize ni ubao gani aliopigilia yeye katika chombo hicho.