Hedhi Nzito Haifai Kuvumiliwa
Hotuba kwa wachumaji wa majani chai, Kericho



Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kilo zikipungua kila mwezi kwa sababu ya hedhi, kwa kuwa mwili umechoka na moyo unadunda ukipanda mteremko, nyumbani kila mtu huona. Wengi tuliambiwa ndivyo wanawake walivyo. Sivyo. Hedhi nzito ni tatizo la kiafya na lina matibabu.

Utaijuaje? Unabadilisha sodo kila saa moja au mbili, unavaa mbili pamoja, unaamka usiku kubadilisha, unatoa mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 20, au damu inapita siku 7. Mwezi huu hesabu sodo au vitambaa, andika, uende na karatasi hiyo kwenye zahanati.

Huko utaulizwa kama huenda una mimba, kisha utapimwa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Chanzo chaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, homoni zisizo sawa au koili ya shaba. Kwa msichana aliyetokwa na damu nyingi tangu hedhi ya kwanza, huenda damu yake haigandi vizuri. Ukihitaji picha ya tumbo, utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, hapa Kericho, au Longisa kwa ndugu zetu wa Bomet.

Vidonge vya madini ya chuma huongeza damu, lakini havizuii inayotoka. Kwa hivyo uliza pia kuhusu dawa ya kuipunguza: asidi ya traneksami, inayomezwa siku za hedhi tu, vidonge vya kupanga uzazi, au koili yenye homoni. Wengi hawafiki kwenye upasuaji.

Na chai yetu? Kunyweni, ila si pamoja na chakula wala vidonge hivyo, kwani huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Subiri saa moja au mbili. Kula managu na maharagwe, na chungwa kando.

Sodo ikijaa kila saa kwa saa kadhaa, ukihisi kizunguzungu, ukizirai, au ukitokwa na damu ukiwa mjamzito, nenda hospitali mara moja. Damu ikirudi baada ya hedhi kukoma, usikose kupimwa.

Akina baba, mkiambiwa, msicheke. Tafuteni nauli.