BARAZA LA CHAKULA LISIWE PAMBO



Chakula kina mabwana wengi serikalini: huyu ana kilimo, yule biashara, mwingine afya, na kila mmoja hushika lake. Mwenye njaa hajui amwendee nani. Kwa hiyo twataka baraza moja la kuyaunganisha mashauri hayo. Lakini baraza la namna gani? Natutazame yaliyowapata wenzetu wa Brazili.

Baraza lao liliundwa 1993, likavunjwa 1995, likafufuliwa 2003. Safari hiyo raia walipewa theluthi mbili ya viti, na mwenyekiti akatoka kwao. Sauti ya wakulima ikasikiwa: sheria ya 2009 iliamuru asilimia 30, kwa uchache, ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule inunue mazao ya wakulima wadogo. Mwaka 2014 Brazili ikatoka katika ramani ya njaa ya Umoja wa Mataifa.

Januari 2019 mtawala mpya, siku yake ya kwanza, akaliondoa baraza kwa kalamu. Njaa ikarejea ramanini. Baraza likarudishwa 2023, na 2025 nchi ikatoka tena. Hatusemi baraza peke yake lilileta shibe. Kazi na misaada kwa maskini vilikuwamo. Twasema palikuwa na mahali pa mnyonge kusikiwa, pakafungwa.

Nasi watu wa visiwa, ambao mchele wetu mwingi huvuka bahari, yatupasa kuzingatia. Baraza lisilo na mvuvi, mkulima na mama mpishi ni kikao cha wakubwa tu. Na hata likiwa nao, wao wenyewe ndio walinzi wake, kwani kalamu iliyoliandika yaweza kulifuta.