Kichwa cha tela: kipya au kilichotumika?

Mtu akishapata kiinua mgongo chake hakosi wa kumshauri anunue kichwa cha kuvuta tela, abebe mizigo ya Dar es Salaam na Tunduma. Anunue kipya au kilichotumika?

Kipya kina dhamana ya kiwanda. Lakini wengi hukichukua kwa mkopo, na benki haingoji mzigo upatikane. Tena injini za siku hizi husukuma dizeli kwa presha kubwa mno, zikiongozwa na kompyuta. Dizeli chafu ya kuuziwa kwenye madumu huua nozeli zake, na fundi wa chini ya mti hana chombo cha kuzipima.

Kwa asiye na mkataba wa mzigo, mimi nasema kilichotumika, chenye injini ambayo fundi wake anaifahamu. Kilometa za kwenye dashibodi asiziamini, maana hurudishwa nyuma. Aende alfajiri, injini ikiwa baridi. Akiikuta imeshapashwa moto, aulize kwa nini. Moshi wa bluu usiokoma ni oili inayoungua. Afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukifoka kwa nguvu, huenda ringi za pistoni zimekwisha.

Halafu breki, ambazo wauzaji huzificha kwa rangi mpya. Mteremko wa Kitonga, kule Iringa, haujali rangi. Breki za miguu zikichemka hazishiki tena, hivyo breki ya injini lazima iwe nzima. Aijaribu kichwa kikivuta tela lenye mzigo, si kikiwa kitupu uani kwa muuzaji.