Moyo Mkubwa, au Kifuko Kimejaa?



Huku kwetu Tanga mtu akivimba miguu na kuhema kwa hatua chache tu, mtaani keshapewa jina: safura, au ana watu wake kichwani. Akipigwa picha ya kifua, anarudi nyumbani na jina jingine: moyo mkubwa. Basi nyumba nzima inanyong'onyea. Mimi jina hilo nina mashaka nalo, maana wakati mwingine moyo wala haukukua.

Moyo unakaa ndani ya kifuko, ambacho madaktari hukiita perikadiamu. Ukuta wake wa nje ni mgumu, haunyumbuki upesi. Ndani mna tando mbili laini, na baina yake majimaji yasiyofika hata vijiko vinne vya kulia, ya kuutelezesha moyo unapopiga. Majimaji hayo yakizidi, eksirei inaonyesha kivuli kipana kama mtungi, na humo ndani umebanwa moyo ambao pengine ni wa ukubwa wa kawaida kabisa.

Yakijaa polepole, kifuko hutanuka hata kikabeba lita nzima, na mwenyewe bado anajikongoja hadi sokoni Ngamiani. Yakiingia ghafla, robo lita tu inaweza kuua: moyo unakosa nafasi ya kupokea damu, presha inashuka, mishipa ya shingo inatuna, mapigo yanasikika kwa mbali. Hapo kinachotakiwa ni sindano ya kuyavuta maji. Vidonge vya kukojoa vinaweza hata kumzidishia.

Maji hayo hutoka wapi? Afrika yetu hii, mtuhumiwa wa kwanza ni TB, hasa kwa mwenye virusi vya ukimwi. Mwaka 1990 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la Lancet jinsi ugonjwa wa kifuko cha moyo ulivyoandamana na virusi vya ukimwi.

Wakisikia TB, watu wanasubiri kikohozi cha damu. Mwenye TB ya kifuko cha moyo anaweza asikohoe kabisa, na makohozi yakipimwa yakawa safi. Lakini anakonda, ana homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, na akilala chali pumzi inamkatika. Mgonjwa wa namna hii akiambiwa moyo mkubwa, ndugu zake waulize habari za altrasaundi ya moyo. Maji huonekana papo hapo.

Dawa za TB ni bure, kwa kawaida miezi 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa wagonjwa 1,400 katika nchi 8 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya prednisoloni hakukupunguza vifo, ila kulipunguza kukakamaa kwa kifuko. Kukakamaa huko si jambo dogo: maji yameisha, kifuko kimegeuka gamba, moyo umefungwa ndani. Kulivua ni kazi ya mabingwa wa upasuaji wa moyo, na kwa mtu wa Tanga hiyo ni safari ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350, pamoja na nauli, ndugu wa kumuuguza na pa kumlaza huyo ndugu. Nikisikia mtu ameacha vidonge mwezi wa pili kwa kuwa miguu imenywea, huwa naipigia hesabu safari hiyo.