Njia ya Uhandisi wa Anga Huanza na Fizikia

Mazungumzo na wazazi, walimu na wanafunzi wa Kaunti ya Kilifi



Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Ilibeba setilaiti iliyoitwa Uhuru. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, na setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Aprili 2023 Kenya nayo ilirusha Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya. Kazi hii basi si ndoto kwa mtoto wa Kilifi, ila ina masharti yake.

Sharti la kwanza ni masomo. Kujiunga na shahada yoyote chuoni kupitia KUCCPS kunahitaji angalau alama ya wastani ya C+ katika KCSE. Kwa uhandisi, C+ ya jumla peke yake haitoshi. Vyuo huangalia Hisabati, Fizikia na Kemia, pamoja na somo la nne. Nafasi ni chache, hivyo wanaoitwa huwa na alama za juu kuliko kiwango cha chini.

Wengi hufungiwa mlango mapema. Katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi aliweza kuacha Fizikia alipoingia Kidato cha Tatu. Aliyeiacha, hata A ya wastani haitamfikisha kwenye uhandisi wa anga. Katika mtaala mpya uamuzi huja mapema zaidi: wa Gredi ya 9 huchagua mkondo na masomo matatu ya Gredi ya 10. Anayelenga uhandisi achague mkondo wa STEM, na Fizikia na Kemia ziwemo. Mzazi, keti na mwanao na mwalimu wake kabla fomu haijajazwa.

Sharti la pili ni kuchagua kozi kwa makini. Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha uhandisi wa anga, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya hufundisha uhandisi wa ndege. Kabla ya kulipa karo popote, hakikisha kozi imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Mhitimu wa kozi isiyotambuliwa huweza kukataliwa usajili baada ya miaka mitano ya masomo na gharama.

Aliyekosa C+ asikate tamaa. Stashahada za ufundi hupokea kuanzia C-, na anayefaulu vizuri anaweza kuomba shahada baadaye. Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki, Embakasi, nacho hutoa mafunzo ya ufundi wa ndege. Kuhusu karo, kuna mikopo ya HELB na basari za kaunti, ombeni mapema.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mwanafunzi, kuinama huko ni kubaki na Fizikia hata inapokuwa ngumu.