Michoro Itoke Kabatini

Azimio la Nishati la Dar es Salaam limekwisha kupitishwa, wakuu wa nchi waliokutana hapa tarehe 27 na 28 Januari 2025 wamekwisha kurejea makwao, na ahadi ya kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030 imekwisha kusikika kila pembe. Nasi twaipokea kwa furaha. Linalotukera sisi si nguzo wala nyaya, bali ni nyumba ambamo umeme huo utaingia.

Apandaye leo kilima cha Wazo, hapa jijini, ambako saruji hutengenezwa tangu mwaka 1966, ataona nyumba mpya zimetapakaa: bati tupu lisilo na dari, kuta za tofali za saruji zisizo na upenu, na dirisha pana la kioo lililoelekezwa magharibi, hata ifikapo saa kumi alasiri jua limeingia mpaka kitandani, na usiku aila nzima imetandika mikeka uani kwa hari, ilhali feni imekwisha kula uniti zote za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Nyumba kama hiyo, hata ingepewa umeme wote wa bwawa la Julius Nyerere, lililosanifiwa kutoa megawati 2,115, ingebaki tanuri.

Dawa yake haiko ghaibu. Wazee wa pwani waliijua, wakajenga baraza yenye kivuli, ua wa kupitisha upepo na paa la makuti. Vijana wa elimu nao waijua: mwaka 2002, kule Washington, wanafunzi wa vyuo vikuu walianza kushindana kusanifu na kujenga nyumba ziendeshwazo kwa jua, katika mashindano ya Solar Decathlon, ambayo mwaka 2019 yalifika Ben Guerir, Morocco. Humo paneli peke yake hazitoshi. Sharti chumba nacho kikalike.

Sisi tuna Chuo Kikuu Ardhi, si mbali na Wazo. Tuna jua, tuna saruji, tuna vijana mahiri. Lakini michoro ya wanafunzi aghalabu hutiwa alama, kisha hufungwa kabatini, na fundi wa mtaani huendelea kujenga bila mchoro wowote. Michoro imo kabatini, na wananchi wamo katika joto!

Basi Manispaa ya Kinondoni na itenge kiwanja, wenye viwanda na watoe saruji, mwanafunzi na fundi na wasimamishe pamoja nyumba ya vyumba viwili, yenye upenu mpana, dari chini ya bati, madirisha ya kaskazini na kusini, na paneli juu. Kisha mlango uachwe wazi saa nane mchana, kila mwananchi aingie ajionee. Nawe utakayechimba msingi wiki hii, kabla hujapiga kamba, tazama jua linakochwea, uulize upepo unakotoka, umwite kijana aliyesomea kazi hiyo akuchoree. Hima, ndugu zetu! Umeme uko njiani. Nyumba ziutangulie, na michoro itoke kabatini!