Chakula cha Tumbo Kimo Jikoni Mwetu



Ndugu zangu katika imani, mada yetu ni unga na vidonge viitwavyo prebayotiki, ambavyo huuzwa kwa watu wazima kwa ahadi ya kulitengeneza tumbo. Kabla mchimbaji wa Rwamgasa hajatoa pesa aliyoivujia jasho duarani, ni haki yake akijue anachokinunua.

Katika utumbo mpana huishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao hutunufaisha. Chakula chao ni nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya. Wao huzichachusha, zikatoka asidi zinazoulisha ukuta wa utumbo. Chakula hicho cha bakteria ndicho wanasayansi walichokiita prebayotiki mwaka 1995.

Unga wa dukani aghalabu ni inulini, nayo imo katika kitunguu maji na kitunguu saumu. Maharage, kunde, choroko, dona na mtama usiokobolewa navyo vina nyuzinyuzi zake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, lilimtaka mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka katika chakula chenyewe.

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Kilimanjaro kwa wanaume 77. Miongoni mwao, waliozoea chakula cha asili walipopewa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili tu, dalili za uvimbe wa ndani ziliongezeka katika damu yao, na kinga yao ikapungua nguvu mbele ya vijidudu.

Hatusemi kwamba unga huo ni sumu. Inulini huweza kumsaidia mwenye choo kigumu, ingawa ikizidi hujaza tumbo gesi. Lakini si dawa ya kipindupindu wala minyoo, wala si kinga dhidi ya zebaki inayotumika kukamatia dhahabu. Mwenye kuhara damu, au kukonda pasipo sababu, asingoje unga; aende zahanati.

Basi mwambieni mama lishe asonge dona, aongeze maharage. Anzeni kidogo kidogo, na mnywe maji safi. Mwili ni amana, na mali pia ni amana.

Wabillahi tawfiq.